Macho ya Mzee Ignasi

Kidawa binti Likwata alipopata kazi kwenye kituo cha mitambo ya simu, juu ya kilima nyuma ya mji wa Lindi, watu wa kwao Kitomanga walidhani amekuwa yule msichana anayepokea na kuuliza, "Nikupe namba gani?" Mama yake aliwaambia hivyo hivyo, maana na yeye ndivyo alivyoelewa. Likizo ya kwanza Kidawa alijaribu kuwasahihisha. Likizo ya pili akaacha.

Kazi yake haikuwa na maongezi. Ndani ya chumba cha kituo yalisimama makabati ya chuma, na ndani ya makabati zilipangwa kadi, vibao vyembamba vilivyochorwa mistari ya shaba na kupandwa vidude vidogo vidogo vya rangi rangi. Ukingo wa nyuma wa kila kadi ulikuwa na safu ya meno yaliyopakwa dhahabu. Kadi ikisukumwa mahali pake, meno yale yaliingia kwenye konekta, na ndani ya konekta kulikuwa na ndimi nyembamba za chuma, kila ulimi ukilishika jino lake. Vikishikana vizuri, sauti ya mtu wa Lindi ilifika Dar es Salaam. Jino likiota ukoko au ulimi ukikunjika, sauti ilikufa humo humo, na kujua imefia kwenye kadi ipi kungeweza kumkeshesha mtu.

Na ukoko ulikuwa hauishi. Upepo wa baharini ulipanda kilima na chumvi yake, ukapenya kwenye nondo za madirisha. Masika kuta zilitoka jasho. Mijusi walitaga nyuma ya makabati. Kwa hiyo kila baada ya muda kadi zote zilichomolewa moja moja, zikakaguliwa meno na ndimi, zikafutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti, zikarudishwa. Hiyo ndiyo kazi ya Kidawa, na aliyemfundisha ni Mzee Ignasi.

Mzee Ignasi alikuwa mtu wa Newala. Alianza wakati wa Mwingereza, kijana wa kupanda nguzo na kuvuta waya porini kwa wiki nzima. Uhuru ulipokuja, akawa miongoni mwa wachache waliopelekwa kusomea mitambo, na aliporudi alikabidhiwa mitambo ya kituo kile kile ambacho zamani alikuwa akifagia uwanja wake. Alipenda kusimulia jinsi Mzungu wake wa mwisho alivyoondoka na funguo mfukoni, ama kwa kusahau ama kwa makusudi, na wao wakaingia kazini siku ya kwanza kwa kupitia dirishani.

"Kadi ishike kingo," alimwambia Kidawa siku za mwanzo. "Vidole vyako vina jasho, na jasho ni chumvi. Utaifuta chumvi ya bahari uipake yako."

Mafundi wengine walisugua meno ya kadi kwa raba ya penseli, yakang'aa. Mzee Ignasi hakutaka hata kuiona raba chumbani mle. "Inang'arisha leo, inachubua kesho. Dhahabu yenyewe nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ikitoka, umebaki na shaba, na shaba na chumvi hawajapata kusikilizana."

Kidawa hakuwa na ndugu mjini. Jumapili mke wa Mzee Ignasi, Mama Apolonia, alimwita nyumbani kwao akamlisha ming'oko, mizizi ya kuchimbwa porini, na samaki wa kukaanga, wakamchukulia kama dada wa binti yao Tekla, aliyekuwa shule ya bweni. Mzee alimwita mwanangu. Yeye alimwita baba, na hakuwa anajilazimisha.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu pale alipogundua habari ya macho.

Kwanza aliona mzee anaigeuza kadi kuelekea dirishani na kuinamisha kichwa kama kuku anayetazama angani. Baadaye akamwona anapapasa meno kwa ukucha badala ya kuyatazama. Siku moja alimpa kadi iliyokuwa na ukoko wa kijani meno matatu mazima, na mzee akaipokea, akaitazama, akasema, "Hii safi, rudisha." Kidawa alimtazama usoni. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe katikati, na la kushoto lilikuwa limeanza.

Mtoto wa jicho. Bibi yake Kidawa alikufa na ugonjwa huo. Walisema Dar es Salaam kuna madaktari wanaoutoa kwa kisu, lakini mzee alikuwa na mjomba aliyekwenda kutolewa akarudi kipofu kabisa, basi kwake neno hilo lilikuwa limekwisha. Na tena fundi ambaye macho yamekwisha hakubaki fundi. Angepewa ulinzi wa geti, au angerudishwa nyumbani kabla ya siku zake. Tekla alikuwa kidato cha pili.

Hawakulizungumza. Siku ya ukaguzi iliyofuata, Kidawa alipomaliza kabati lake, mzee alimwambia, "Njoo upitishe macho na hapa kwangu, mwanangu, usije ukasahau kazi." Akapitisha. Akakuta mambo mawili matatu, akayatengeneza kimya. Tangu hapo ikawa hivyo. Mzee alitangulia, Kidawa akafuata nyuma yake na kurunzi na kitambaa, na mkuu wa kituo, Bwana Rashidi, alipopita mlangoni alimkuta msichana kainama kwenye kabati la mzee akaona ni mwanafunzi mwenye bidii.

Mwaka wa kipindupindu, katikati ya masika, baba yake Kidawa alifariki. Mzee Likwata alikuwa mmoja wa wale waliohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, kutoka kwenye mikorosho yake kwenda kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara. Hakubishana na mtu. Ila kila siku aliamka alfajiri akatembea kurudi kwenye mikorosho, akakaa chini yake, jioni akarudi kijijini kama mtu anayetoka msibani. Mvua ya siku mbili ilimkuta huko, akarudi na homa, na homa haikumwacha.

Mzee Ignasi mwenyewe alimsindikiza Kidawa stendi. Alimpa khanga ya kumpelekea mama na kilo ya sukari ya matanga.

"Ukaguzi ni wiki hii," Kidawa alisema.

"Najua. Nenda ukamzike baba yako. Nitakagua mimi, taratibu."

Kidawa alitaka kusema, ngoja nirudi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini kulisema ni kumwambia mtu mzima, pale mbele ya watu na mizigo yao, kwamba haoni. Akapanda basi.

Alirudi baada ya hitima. Akamuuliza mzee kama wamekagua, mzee akajibu, "Nimemaliza yote. Safi." Kidawa alipanga kupitia tena, asipate nafasi, maana kipindupindu kilikuwa kimeshashika vijiji vya upande wa Mingoyo na kilikuwa kinaingia mjini. Simu hazikupumzika. Hospitali waliita Dar es Salaam mchana kutwa, na Bwana Rashidi akakataza mtu yeyote kuchomoa kadi yoyote mpaka hali itulie.

Kituo kilikuwa na mtambo mkuu na mtambo wa akiba, na kati yao kadi moja ya kubadilishia. Mkuu ukizimika, kadi ile yenyewe iliwasha wa akiba, bila mkono wa mtu. Siku moja radi ilipiga karibu na mnara na mtambo mkuu ukafa. Wa akiba haukuamka.

Walihangaika wote watatu. Kidawa alipofika kwenye kadi ya kubadilishia, Mzee Ignasi alimshika mkono. "Hiyo nimeikagua mwenyewe juzi. Usipoteze muda, tafuta kwenye umeme." Wakatafuta kwenye umeme. Bwana Rashidi aliwahimiza huko huko, kwa kuwa mzee ndiye aliyesema. Siku nzima ikapita, ikaja nyingine. Barabara ilikuwa imekatwa na maji, simu ya upepo, isiyo na waya, nayo ilikwaruza tu kwa sababu ya radi. Chini mjini dripu za hospitali ziliisha na hakukuwa na njia ya kuomba nyingine. Watu walikufa. Wangapi walikufa kwa ugonjwa na wangapi kwa kukosa dripu, hilo hakuna aliyeweza kulisema, na kwa sababu hiyo kila mwenye maiti alihesabu wake.

Mvua ilipokatika ndege ilileta mhandisi kutoka Dar es Salaam, mtu mwembamba mwenye haraka. Alichomoa kadi ya kubadilishia ndani ya nusu saa ya kwanza. Meno mawili yalikuwa ya kijani. Akamulika ndani ya konekta, akaita watu waje watazame. Ulimi mmoja ulikuwa umekunjika, umelala chini kabisa.

"Kadi hii imeingizwa kombo ikasukumwa kwa nguvu," alisema. "Kana kwamba anayesukuma haoni anachosukuma. Nani anakagua kabati hili?"

Bwana Rashidi hakufikiri. "Kidawa," alisema. "Kila siku namkuta hapo." Na hakuwa anasema uongo.

Kidawa alimtazama Mzee Ignasi. Mzee alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma.

"Safari hii sikukagua mimi," Kidawa alisema. "Ukaguzi ulifanyika mimi niko Kitomanga, nazika."

"Ndugu Rashidi?" mhandisi aliuliza.

"Mimi siku hizo nilikuwa Mtwara kwenye mkutano. Aliyekuwepo ni mzee."

Mhandisi akamgeukia mzee. "Ndugu Ignasi, huu ukaguzi ulikuwa kabla binti hajaondoka, au baada?"

Kidawa hakuwa na wasiwasi wakati ule. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alisimama pale ametulia kabisa, akisubiri baba aseme.

"Nadhani ni kabla," Mzee Ignasi alisema. "Sikumbuki vizuri. Nadhani tulimaliza kabla hajaenda."

Kidawa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mzee haoni. Ana mtoto wa jicho. Mimi ndiye ninayemkagulia siku zote, ndiyo maana Bwana Rashidi ananikuta hapo. Muulizeni, mpeni kitu asome."

Mhandisi alishtuka kidogo, akatazama huku na huku, akabandua ukutani karatasi iliyokuwa karibu, ile ya maelekezo ya ukaguzi, akampa mzee. "Samahani, mzee. Soma hapo juu tu."

Mzee Ignasi aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso. Akasoma. "Zima kabati. Chomoa kadi kwa kushika kingo. Tazama meno kama yana mikwaruzo, ukoko au alama za vidole. Mulika konekta, hakikisha hakuna ulimi uliokunjika wala uchafu..." Alisoma kwa sauti ya mwalimu, bila kukwama. Kidawa alikuwa amesimama ubavuni mwake na aliona kwamba kidole gumba cha mzee kimefunika mstari ule aliokuwa akiusoma. Karatasi ile aliitunga yeye mwenyewe. Alikuwa akiwakaririsha vijana kwa miaka.

"Hasomi," Kidawa alisema. "Anaijua kwa moyo. Mpeni gazeti."

"Kidawa." Bwana Rashidi hakupaza sauti. "Mzee huyu amekufundisha kazi. Umekula kwake. Huna haya?"

Mhandisi alirudisha karatasi ukutani. Alikuwa na ndege ya kuwahi. "Inatosha," alisema.

Kidawa angeweza kuendelea. Angeweza kumfuata mhandisi mpaka uwanja wa ndege. Lakini maneno yale ya haya yalikuwa yamemfunga kinywa kama mkono, na alipomtazama mzee mara ya mwisho, mzee alikuwa amegeukia dirishani tena, kwenye ile nuru ambayo haikumsaidia kitu.

Alifukuzwa kazi kabla mwezi haujaisha. Hapakuwa na kesi. Wengine walisema ashukuru, maana maneno ya hujuma yalikuwa yameanza kutajwa kwenye vikao. Alipokuwa akingoja basi la kurudi kwao, mwanamke mmoja wa Mingoyo aliyefiwa na watoto alitoka kwenye foleni ya maji, akaja kusimama mbele yake. Alimwangalia tu. Halafu akamuuliza, taratibu kama anayeuliza bei, "Ndiye wewe wa simu?" Kidawa akaitika, ndiyo. Mwanamke akarudi kwenye foleni yake.

Kitomanga hakumweleza mama yake yote. Alisema kazi imekwisha. Mama alikuwa bado edani, na Kidawa aliona hana haki ya kumwongezea. Alilima shamba la kijiji siku za zamu, na msimu ulipofika akawekwa ghalani kuchambua korosho, kutenga nzima na zilizooza au kutobolewa na wadudu. Aliifanya vizuri. Katibu wa kijiji alimsifu kikaoni, na wanawake wenzake wakacheka kwamba Kidawa anaitazama korosho kama anayesoma. Aliandika mara mbili kuomba kazi kwenye mitambo, Mtwara na kwingine. Mara ya kwanza hakujibiwa. Mara ya pili aliitwa, akaenda hadi mbele ya meza, na karani aliposikia jina akainua kichwa: "Likwata? Wa Lindi?" Wakamwambia nafasi imejaa.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, mchana, watoto walikuja mbio ghalani kumwambia ana wageni. Alimkuta Mama Apolonia ameketi mkekani na mama yake, na kando yao, kwenye kiti cha pekee cha nyumba, Mzee Ignasi. Alikuwa amevaa kanzu fupi nyeupe ya kanisani. Macho yote mawili sasa yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda.

"Shikamoo, baba," Kidawa alisema. Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo."

Walipikiwa. Adabu haingojei moyo. Kidawa alichinja kuku mwenyewe, akapika wali wa nazi, akamnawisha mzee mikono. Mzee alikula vizuri. Alieleza kwamba amestaafu salama, kwamba aliagwa kwa sherehe na kupewa redio, kwamba Tekla amemaliza kidato cha nne na anasomea uuguzi. Akauliza habari za mvua na mikorosho. Akasema ile ya kwao Newala mwaka huu imepukutisha maua. Mama Apolonia hakula. Alikuwa akimtazama mumewe kila tonge.

"Baba Tekla," alisema mwishowe, "sema ulichokuja kusema."

Mzee alijifuta midomo. Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa doti ya khanga mpya, akainyoosha mbele yake, kidogo upande usio na mtu. Mama yake Kidawa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akainuka kwenda kuiweka ndani. Wakabaki watatu.

Kidawa alisema, "Baba, siku ile ulisoma?"

Kuku walipita uani.

"Tekla alikuwa shule," Mzee Ignasi alisema. "Na wewe ulikuwa kijana. Nilijiambia, huyu ana macho, ana cheti, atapata kazi mahali pengine. Mimi ningekwenda wapi?"

"Sikupata."

"Nimesikia."

Alingoja. Kidawa naye alingoja. Alikuwa ameusubiri mchana huo muda mrefu na alikuwa na maneno yake, ameyapanga akiwa ghalani, akiwa kisimani, mengine makali kiasi kwamba yalimtisha mwenyewe. Alitaka kumwambia habari za mwanamke wa Mingoyo. Alimtazama mzee, mikono yake magotini, mafuta ya kuku bado yaking'aa kidoleni, na akaona mzee amekwisha. Alichokuja nacho ni hicho na khanga. Hakikuwepo kingine nyuma yake.

"Mtachelewa gari," alisema.

Aliwasindikiza hadi barabarani. Mama Apolonia alimshika mumewe mkono, na lori la mkaa liliposimama akamwomba utingo amsaidie kumpandisha mbele. Kisha akarudi hatua chache kwa Kidawa. Alikuwa akilia bila kujifuta.

"Nimemleta aombe msamaha. Njia nzima ameniahidi. Ameshindwa, mwanangu."

"Amesema, mama."

"Ile siyo kuomba."

"Najua. Nenda salama. Msalimie Tekla."

Lori liliondoka na vumbi lake. Kidawa alirudi nyumbani, akakuta mama yake uani amejifunga ile khanga mpya juu ya gauni la shamba, anajitazama alivyo.

"Walikuja kutaka nini?" mama aliuliza.

"Kutusalimia."

"Mzee wa watu, na upofu wote ule. Safari yote hiyo kwa ajili ya kukuona wewe." Mama aliikunja khanga vizuri, akailaza kwenye mkeka. "Sio wengi wanaokumbuka walikofadhiliwa. Watu wema hawa, Kidawa. Uwashike."

Kidawa aliinama kukusanya sahani. Alisema, "Ndiyo, mama," akazipeleka kisimani kuziosha.